Hata Ungekuwa Wewe

Swali limenifikia tena, na safari hii limetoka kwa daktari mwenzangu, mtu ambaye hawezi kuiacha homa ya siku mbili ipite bila kupima damu. Nilikuwa nauliza kwa nini kijana aliyelazwa kwake, aliyeanguka mwembeni akaumia uti wa mgongo, hajaulizwa lolote kuhusu hali yake ya akili. Kwa wiki tatu alikuwa akirudisha chakula, hataki kuongea na ndugu zake, na alishawaambia wauguzi wasihangaike kumgeuza. Mwenzangu akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Sasa daktari, kijana wa umri ule, miguu haifanyi kazi, mkojo mpaka kwa mpira. Si lazima awe na sonona? Hata ungekuwa wewe."

Kauli hiyo nimeisikia kwa akina mama wazazi, kwa wake, kwa wachungaji na masheikh wanaokuja kuombea wagonjwa, kwa maofisa ustawi wa jamii, na kwa wenye makoti meupe kupita wote. Husemwa kwa huruma, na ndiyo maana inakuwa vigumu kuibishia; anayeibishia huonekana hana moyo. Basi leo nitavumilia kuonekana hivyo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wanaosema hivi hawajawahi kuhesabu. Mwaka 2015 Williams na Murray walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zilizopima sonona kwa vigezo vya kitabibu miongoni mwa walioumia uti wa mgongo. Walipata takriban asilimia 22. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 kuhusu majeraha hayo ilitaja kati ya asilimia 20 na 30 wenye dalili nzito za sonona. Kwa watu wazima wote duniani kiwango ni kama asilimia 5. Ndiyo, aliyepooza yuko kwenye hatari mara nne hivi kuliko jirani yake anayetembea, na hilo lingetosha kutufanya tumuulize kila mmoja wao. Lakini hebu hesabu na waliobaki. Kati ya watu 100 waliopooza, 70 na ushee hawana sonona. Siku nyingine wana huzuni, wana hasira na halmashauri, wanadaiwa dukani, wanagombana na wenzi wao, wanataniana. Sonona hawana. Kama kupooza kungekuwa ndiko sonona yenyewe, hawa wangetoka wapi?

Mjamzito naye yuko kwenye hatari kubwa ya malaria kuliko mwenzake asiye na mimba. Sijawahi kumsikia mkunga akisema, "Mwacheni, mwenye mimba lazima aumwe malaria." Humpa SP za kuzuia malaria, humpa chandarua, na homa ikija humpima siku hiyo hiyo. Kwa sonona ya aliyepooza tunafanya kinyume: tunajua hatari ni kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo hatupimi.

Sasa hiyo "ungekuwa wewe". Ilishapimwa zamani. Mwaka 1994 Gerhart na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo wahudumu wa dharura, madaktari na wauguzi wakiwamo, waliulizwa: ukiumia shingo ukapooza mikono na miguu, utafurahi kuwa hai? Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 18. Majibu yao yakalinganishwa na ya watu ambao shingo zao zilishaumia na wanaishi hivyo. Hao, asilimia 92 walisema wanafurahi kuwa hai. Asilimia 18 kwa 92. Hapo aliyekosea si mgonjwa. Ni mtaalamu aliyesimama pembeni ya kitanda, akajipima yeye, kisha akaandika majibu kwenye faili la mwenzake.

Na kosa lenyewe linaeleweka. Anayejiwazia amepooza huiwaza siku ya kwanza, siku ya ajali, ikirudiwa maisha yake yote. Huwaza ngazi ambazo hatazipanda. Hawazi kwamba mwaka wa tatu mtu huyo atakuwa anawasumbua watoto kuhusu mitihani, anakopesha nyanya gengeni, anamtukana mwamuzi kwenye redio Simba na Yanga zikicheza. Mzima hana kumbukumbu ya kuishi hivyo, kwa hiyo anajaza pengo kwa hofu yake. Kumwonea mgonjwa huruma hakukatazwi. Kuigeuza hofu yako kuwa utambuzi wa ugonjwa ndiko ninakokataa.

Kuna ushahidi mwingine, na huu huwaudhi watu zaidi. Kama kupooza peke yake ndiko kunakoleta sonona, aliyepooza zaidi angesononeka zaidi. Aliyeumia shingo, asiyeweza kujilisha, angekuwa na sonona kubwa kuliko aliyeumia kiunoni anayejisukuma mwenyewe hadi sokoni. Tafiti zimelitafuta jambo hilo kwa miongo kadhaa na hazijalipata kwa namna ya kuaminika. Mahali jeraha lilipo, na kama ugwe, yaani neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, umekatika wote au sehemu tu, ni viashiria dhaifu sana vya nani atapata sonona. Yeyote aliyekaa kliniki hizi anajua. Yuko asiyeinua hata kidole anayeendesha biashara ya familia kwa mdomo wake, na yuko anayetembea kwa magongo ambaye hajatoka chumbani tangu mfungo uliopita.

Basi kinachotabiri ni nini? Ni mambo ambayo mengi yana tiba au yana fundi. La kwanza ni maumivu. Watu hudhani sehemu iliyopooza haiumi. Takriban nusu ya walioumia uti wa mgongo wana maumivu ya neva: miguu isiyohisi kuguswa inawaka moto, inachomwa sindano, inabanwa kama kwenye mlango, na usiku ndiyo zaidi. Ndugu humwambia, "Lakini si ulisema huhisi kitu?" Mtu huyo baada ya miezi sita bila usingizi ukimkuta amenyamaza, usiniambie kinachomnyamazisha ni falsafa ya maisha. Kisha kuna vidonda vya mgandamizo vinavyonuka hadi wageni wanapunguza kuja. Kuna maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Kuna pombe, na kuna sonona ya zamani, ya kabla ya ajali, ambayo hakuna aliyeuliza. Kuna mume au mke aliyeondoka. Kuna kipato kilichokatika siku moja: dereva wa bodaboda, mchuma karafuu, mpanda minazi, mchimbaji, hawa ndio wanaojaza wodi zetu, na wengi wao hawakuwa na mwajiri wa kuwachangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na kuna mlango wa choo. Mlango wa sentimita 60 haupitishi kiti cha magurudumu cha sentimita 65, hata mtu awe na imani kiasi gani. Mwanamume mzima anayesubiri mwanawe wa kike arudi shuleni ambebe kwenda chooni ana sababu ya kutokunywa maji mchana kutwa. Sababu hiyo inaondolewa na fundi mwashi kwa kazi ya siku mbili.

Yote haya yanafichwa na kauli moja ya huruma. Ukishasema "hali yake ndiyo inamsononesha", na hali yenyewe haibadiliki, umejiruhusu usibadilishe chochote. Dawa ya maumivu haiongezwi. Mlango haupanuliwi. Mgonjwa mwenyewe, akiwa amelisikia neno hilo kila anapofumba macho wakidhani amelala, analiamini pia, na akija kliniki hasemi. Atasema nini? Anadhani anaumwa maisha yake.

Halafu anakufa, na hapa ndipo ninapopoteza subira kabisa. Anayekaa kwenye kiti anapaswa kujiinua au kujiegemeza upande kila dakika 15 hadi 30, ngozi ya makalio ipate damu. Aliye kitandani ageuzwe kila saa mbili hivi. Mpira wa mkojo una ratiba yake, maji ya kunywa yana kiasi chake, choo kina siku zake. Ni kazi ya kila siku, na haifanywi na mtu ambaye haoni kwa nini kesho ifike. Mwenye sonona haachi kujiinua kwa uvivu. Ameacha kwa sababu ugonjwa umemnyang'anya sababu ya kujiinua. Kidonda kinafunguka, kinafika mfupani, sumu inaingia kwenye damu. Kwenye cheti cha kifo tunaandika maambukizi ya damu. Sonona haitajwi, na mwaka unaofuata tunakaa kikaoni tukishangaa kwa nini vidonda ni vingi.

Ndugu yake "hata ungekuwa wewe" ni "hajakubali hali". Huyu amevaa suti, anaonekana amesoma. Kwa mujibu wake mgonjwa lazima apite ngazi: akatae, akasirike, ajadiliane na Mungu, asononeke, ndipo akubali; asiyesononeka bado yuko ngazi za chini na atasononeka tu. Ngazi hizo tano zilitoka kwenye kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, kilichohusu wagonjwa waliokuwa wanakufa. Wa kwetu hawako kwenye kukata roho, wanataka kurudi kwao Tandahimba. Mwaka 2012 Bonanno na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliotoka kuumia uti wa mgongo. Kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya nusu, lilikuwa la watu waliobaki imara, wenye dalili chache za sonona tangu mwanzo. Hakukuwa na ngazi waliyoiruka. Kwa hiyo muuguzi, acha kumlazimisha mtu alie ili "apone vizuri". Na mchungaji, kijana anayesema atatembea tena si mgonjwa wa akili. Matumaini yasiyolingana na picha ya MRI yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja pamoja na kujifunza kutumia kiti, mradi asiuze ng'ombe kwa ajili ya anayemuahidi "kuamsha mishipa" kwa chupa ya mizizi au kwa kukandwa na maji ya moto. Hayo ya moto nimeyaona mwisho wake: ngozi isiyohisi haipigi kelele, inaungua tu.

Sasa utajuaje kwamba hii ni sonona na si huzuni? Huzuni ya kupoteza miguu ipo, ni halali, na haihitaji kidonge. Huja na kuondoka. Inamkamata asubuhi, mchana rafiki akija anacheka, usiku inarudi. Anajua anachokililia. Sonona hukaa. Kwa wiki mbili au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku, mtu hana raha na hana hamu, na hata anachokipenda kikiletwa mbele yake hakimfikii. Anajiona mzigo, anajilaumu kwa mambo yasiyo yake. Usihangaike sana na usingizi na uchovu, kwa kuwa anayegeuzwa usiku na mwenye maambukizi ya mkojo atakuwa navyo vyote hata bila sonona. Hamu ndiyo ya kuulizia. Kama mechi haikumpita na sasa redio ipo mkononi hataki iwashwe, mimi nakaa kitako.

Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9, linachukua dakika chache, limetumika na kupimwa kwa Kiswahili, na halihitaji daktari wa akili kulisoma. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wauguzi wengi huliruka wakihofia kumpa mgonjwa wazo. Mtu hapewi wazo hilo na swali. Aliye nalo hupumua anapoulizwa, kwa sababu amekuwa akilibeba peke yake, na kwa sababu familia imemfunga mdomo kwa aibu na kwa woga wa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ibaki au iondoke, mgonjwa anayesema anataka kufa ni dharura ya hospitali: asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani zikabidhiwe mtu mwingine leo hii, apelekwe leo hii.

Ya kufanya, basi, na nitakwenda haraka kwa sababu hakuna la ajabu ndani yake. Maumivu kwanza, usianze na mazungumzo ya matumaini kwa mtu anayewaka moto miguuni. Amitriptilini anayopewa usiku kwa ajili ya maumivu, miligramu 25, si tiba ya sonona kwa kipimo hicho, kwa hiyo msiseme "tayari yuko kwenye dawa". Ikipandishwa, hufunga choo na kubakiza mkojo, vitu ambavyo tayari ni shida yake, na ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Usimpe ya miezi mitatu mtu aliyejibu ndiyo kwenye swali la 9. Fluoksetini au setralini mara nyingi ni salama zaidi kuanzia. Zinachukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, wakati mwingine zaidi, na nyingi huachwa wiki ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwambia mgonjwa asubiri. Akipata nafuu aendelee miezi 9 hadi 12, asiache kienyeji. Zinaweza kuongeza kukaza kwa misuli kwa baadhi yao na zinaweza kuchelewesha kumwaga manii. Mwambie mapema, yeye na mwenzi wake, maana wanaume wengi huziacha kimyakimya kwa hilo. Tramadoli pamoja nazo ni mchanganyiko wa kuangaliwa sana. Baklofeni anayotumia kwa kukaza misuli isikatwe ghafla, hata kama inamsinziza. Kukatwa ghafla huleta degedege na kuona visivyokuwepo. Diazepamu si dawa ya sonona. Humlaza, kisha mnasema ametulia.

Mazungumzo ya tiba yanafanya kazi na hayamsubiri mwanasaikolojia ambaye wilaya yako haina. Zimbabwe, chini ya mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda, wahudumu wa kawaida wa jamii, wengi wao akina bibi, walifundishwa kukaa na mtu, kuyaorodhesha matatizo yake, kuchagua moja na kulifanyia kazi. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili zikipungua wazi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Zanzibar. Kwa aliyepooza, tatizo la kwanza kuchagua ni lile la mlango.

Mkutanishe na aliyepooza kabla yake. Simaanishi mhamasishaji wa jukwaani. Namaanisha mtu wa kawaida wa kumwonyesha namna ya kupanda daladala, kubadilisha mpira na kujibu maswali ya chumbani ambayo mimi hanipi hata nafasi ya kuyasikia. Kilimanjaro wana chama chao cha walioumia uti wa mgongo, KASI. Mahali pasipo na chama, mwulizeni mtaalamu wa fiziotherapia, ana namba za simu. Mikopo ya halmashauri ina asilimia 2 ya watu wenye ulemavu; ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumfuata, na aende ndugu mwenye kelele. Kazi, hata ya kuuza vocha, hupunguza sonona kuliko mahubiri yangu yote. Atoke nje kila siku, hata hadi barazani. Pombe ipungue. PHQ-9 irudiwe baada ya wiki nne na alama ziandikwe, tuone zinashuka au tunajidanganya.

Na kabla hamjamkodia bajaji, pigeni simu muulize kliniki ya afya ya akili iko chini au ghorofani. Ipo ninayoijua, iko ghorofa ya pili na lifti haifanyi kazi. Daktari hushuka akiitwa. Aitwe.